Tiki Kwenye Neno Huduma

Siku ya keki yangu ya kustaafu, mkuu wetu wa ofisi ya lugha aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kurasa chache kuhusu kazi ya ukalimani mashuleni. "Weka vitu vya kutia moyo, Esther," akaniambia. Sawa. Wanaotaka vya kutia moyo, kwenye kabati la ofisi kuna mabango. Mimi nitawaandikia juu ya neno moja nililolitafsiri Ijumaa moja mchana, na mtoto wa watu aliyeingizwa jeshini kwa mchezo wa kompyuta, neno langu likiwa ndio mlango. Nina hasira mpaka leo na sitajifanya sina. Lakini nitaanza mwanzo, msije mkadhani nilikuwa mjinga tangu siku ya kwanza. Ujinga wangu mkubwa ulikuja baada ya kupata uzoefu.

Nilianzia Fort Worth, hospitalini. Nyumbani Machakos nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, wa kusahihisha insha kwa kalamu nyekundu, nami nikaingia Texas nikiamini kwamba asiyekisema kama mimi anakikosea. Wiki ya kwanza wakanipeleka kwa baba mmoja kutoka Kongo aliyetakiwa kupasuliwa. Daktari akaeleza, nikatafsiri vizuri kabisa, ngeli zote mahali pake. Yule baba akanitazama, akauliza, "Juu ya nini?" Nikamgeukia daktari nikamwambia mgonjwa anataka kujua atapasuliwa juu ya kitu gani. Daktari akajibu kwa upole kwamba ni juu ya meza. Nikalipeleka jibu: juu ya meza, baba. Akakunja uso, akauliza tena kwa sauti, juu ya nini? Meza, baba, nikamwambia, tena meza safi. Tulizunguka hapo hapo mpaka akaanza kutafuta viatu vyake aende zake.

Aliyetuokoa ni Mzee Tarimo, Mtanzania, mkalimani wa zamani kuliko sisi wote pale. Alikuwa akipita kwenye korido. "Mama, anauliza kwa nini," akasema. "Kwa Kiswahili cha kwao, juu ya nini ni kwa nini." Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesomea hiyo lugha, jameni.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kukaa karibu na anayesaidiwa, nyuma yake kidogo, ili daktari amtazame mgonjwa na si mimi. Alinifundisha kusema "mimi" badala ya "anasema": mgonjwa akisema naumwa, wewe nawe unasema naumwa, hata kama hujawahi kuumwa hapo. Alinifundisha kubeba daftari dogo na kalamu mbili, kwa sababu kalamu huisha wino mahakamani na kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, haiishi nyumbani. Na alikuwa na sheria moja kuhusu maandishi ambayo nawaomba muishike hata mkiyasahau mengine yote. Ukitafsiri fomu, kabla haijatoka, msomee mama mmoja wa watu wale wale watakaoipokea, hata kwa simu. Halafu usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo, kwa adabu. Muulize ameelewa nini. Miaka yote niliifuata sheria hiyo, ukiondoa Ijumaa moja.

Mume wangu alipopata kazi Houston tukahamia Stafford, nami nikachukuliwa na mashule, upande wa Sharpstown na mitaa ya jirani. Ofisi yangu ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mipira, na mpaka ninastaafu kilinuka raba. Nilipewa sanduku la visikizio ishirini vya kutafsiria mikutano, ambavyo sita tu vilifanya kazi, na kila mwaka nilipoomba betri niliambiwa bajeti ni ngumu. Likumbukeni hilo la bajeti, maana nitaonyesha pesa zilikuwa wapi.

Kesi ngumu zilikuwepo, na zingine zilichekesha baadaye. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyeona kuniita mimi ni kupoteza muda, akatumia mashine kumwandikia baba mmoja kwamba mwanawe atasimamishwa masomo kwa siku tatu. Mashine ikalichukua neno "suspend" ikaandika kwamba mtoto "atatundikwa siku tatu." Baba alifika asubuhi na kaka zake wawili na mchungaji, na sijawahi kuona mwalimu mkuu akinitafuta kwa mbio kama siku ile. Baada ya hapo barua zote za Kiswahili zilipitia kwangu. Nilijisikia, sitakataa. Nilianza kuamini kwamba neno likitoka kwenye meza yangu limenyooka.

Sasa tufike kwenye trela. Lilikuja mwaka wa shule wa juzi ulipokaribia kwisha, jeusi, refu kama mabasi mawili, likaegeshwa pale wanaposhukia watoto. Ndani kulikuwa na kiyoyozi, viti vya kuegemea kama vya marubani, na skrini pande zote. Lilikuwa trela la jeshi, na mchezo uliokuwa humo ulitengenezwa kwa pesa za serikali. Yaani kodi yangu mimi, niliyeomba betri. Mtoto anaingia, anapewa piza na fulana, anavaa visikizio, vyote vikifanya kazi, anapigana vita nusu saa, anatoka akicheka. Mlangoni alisimama sajenti mmoja kijana, mpole, mwenye meno mazuri. Alikuwa amejifunza kusema "jambo," na alimwambia kila mtu mweusi aliyepita, akiwemo mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa Louisiana.

Ili mtoto ajiunge na klabu ya mchezo ule, acheze kila wiki baada ya masomo, mzazi alitakiwa kujaza fomu. Fomu ilinifikia Ijumaa saa nane mchana na ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Kulikuwa na jina la mtoto, namba ya simu, mwaka atakaomaliza shule, na chini kabisa swali: je, mtoto wako angependa kujua zaidi kuhusu nafasi za kutoa "service"? Tiki ndiyo, tiki hapana.

Sikulipita neno hilo hivi hivi. Nililiona: kwa Kiingereza linabeba utumishi wa jeshini na utumishi mwingine wowote. Nikaandika "huduma," nikasita, nikaongeza "ya kijeshi," halafu nikakumbuka kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi, na kwa Kiingereza neno jeshi halikuwa kwenye swali lile. Nikawaandikia wenye fomu kuuliza. Wakanijibu haraka, kwa heshima zote, kwamba nifuate maandishi yalivyo. Basi nikafuta "ya kijeshi." Kwetu Kenya huduma ni neno la serikali, neno la foleni. Unangoja kitambulisho, hiyo ni huduma. Niliona haliwezi kumdhuru mtu. Simu ya kumsomea mama mmoja sikupiga, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na barabara ya kwenda mji wa Katy, kwa dada yangu, hujaa kuanzia saa tisa.

Fomu za Kiswahili zilirudi zote. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Hata zile za chanjo hazikurudi hivyo, hata za chakula cha bure. Na karibu zote zilikuwa na tiki kwenye ndiyo. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikasimama pale nikipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nikitabasamu. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini akina mama waliokimbia vita wawe na hamu hiyo.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja Mama Furaha akaingia kwenye ofisi yangu. Huyu ni mama mjane kutoka mashariki ya Kongo, aliyeishi kambini Tanzania kabla ya kuletwa Houston, anayefunga maboksi ghalani na kuimba kwaya Jumapili. Bintiye Furaha alikuwa na miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho. Siku hiyo mama alikuwa amevaa kitenge kipya na ameshika kifurushi cha maandazi ya moto, yangu mimi.

"Mama Esther, Mungu ni muzuri," akasema. "Furaha bamemuita ku huduma."

"Huduma gani, mama?"

"Ile yako! Ile uliandika. Niliweka tiki, nikafunga siku tatu. Sasa bamemuita. Kanisa yote ilimuwekea mikono."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Mama Furaha, na kwa kila mama wa kanisa lile, huduma si foleni ya kitambulisho. Huduma ni kazi ya Mungu. Mtu mwenye huduma ni mtu aliyeitwa, wa kuhubiri, wa kuombea wagonjwa, wa kuongoza kwaya. Mimi niliwauliza kama watoto wao wangependa kumtumikia Mungu, na nikawapa kisanduku cha kuweka tiki. Nani angeweka hapana?

Akatoa karatasi kwenye mkoba, imekunjwa ndani ya Biblia. Alitaka nimsomee tarehe ya safari. Nilisoma mara mbili. Ilikuwa ridhaa ya mzazi ya mtoto wa chini ya miaka kumi na minane kuandikishwa jeshini, na sahihi ya Mama Furaha ilikuwa pale, herufi kubwa kubwa, ameikandamiza kalamu.

"Nani alikusomea hii wakati unasaini?"

"Furaha. Alisema ni ile ya huduma, ile niliweka tiki."

"Mama Furaha, hii ni karatasi ya jeshi."

Akatabasamu, akanishika mkono, akaitikia kwa "ndiyo" ya kwao. "Njo, mama. Jeshi la Bwana."

Jamani. Nimewaambia watu habari za misiba hospitalini, nimemwambia mtu kwamba mkewe hataamka, na hakuna siku iliyonishinda kama ile. "Hapana," nikamwambia. "Jeshi la bunduki. Basoda."

Alikaa. Kiti changu cha wageni ni kidogo, cha watoto, akakaa hivyo hivyo na kitenge chake kipya. Akaniuliza, "Juu ya nini?" Safari hii nilimwelewa vizuri sana.

Baadaye ndipo akanieleza habari za kaka yake mdogo. Kwao, alipokuwa msichana, mwalimu aliambiwa aandike ubaoni majina ya wavulana wanaocheza mpira vizuri, kutatengenezwa timu. Akaandika. Siku ya pili wakaja watu wenye bunduki, wakasoma yale majina, wakawachukua wote, na kaka yake hakurudi. Nikamuuliza kama yule mwalimu alijua anaandika nini.

"Sijue," akasema. "Nilijiulizaka hiyo miaka yote. Alilia, lakini sijue kama alijua."

Aliyasema bila kunikusudia mimi. Lakini mimi nilikuwa naangalia mikono yangu.

Kabla sijamwona Furaha nilienda ghorofani, kwa wakubwa. Nikataka fomu iliyosahihishwa ipelekwe kwa kila nyumba ya Kiswahili, siku hiyo hiyo, ikisema wazi: jeshi. Nikaambiwa mradi umeshafungwa, trela limehamia mashule ya upande wa Dallas, hakuna haja ya kuwatia wazazi wasiwasi. Kuwatia wasiwasi! Nilitoka pale bila kuaga. Halafu nikapiga simu mwenyewe, nyumba baada ya nyumba, wiki nzima. Wako waliolia. Wako waliocheka, wakaniambia mtoto wao aliacha kucheza siku ya pili. Wawili waliniambia jeshi si baya, mama, linasomesha, na nikawaheshimu, kwa sababu angalau sasa walijua wanajibu swali gani. Aliyekuwa amefika mpaka kwenye sahihi ni Furaha peke yake.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwao Sharpstown. Nilijua Furaha atanijibu kwa Kiingereza, ndivyo watoto wetu walivyo, unawaita kwa lugha moja wanaitika kwa nyingine. Nikamuuliza kama alijua anamsainisha mama yake nini.

"Nilijua," akasema, kwa Kiingereza kama nilivyotazamia. "Kiingereza chake ni rahisi."

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Nilimsomea neno lako, Ms. Esther. Wewe ndiye uliyeandika huduma. Kwani nilidanganya?"

Nilitaka kumzaba kibao, na nilijua hakustahili kibao. Akaendelea kusema, sasa kwa haraka. Alitaka kusomea unesi na jeshi litamlipia. Tangu ana miaka minane yeye ndiye mdomo wa mama yake, kwa daktari wa meno, kwa mwenye nyumba, kwa watu wa umeme, kila siku anasema maneno ya wengine. Kwenye trela, akasema, alikuwa mganga wa kikosi, na wavulana wote walimsubiri yeye aseme waende wapi. Kila wiki sajenti alimwambia ana kipaji. "Shuleni nani ameniambia hivyo?" Mimi mwenyewe nilimjua miaka minne kama binti ya Mama Furaha tu.

Mama yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema anataka kuuona huo mchezo. Furaha akafurahi, maskini, akadhani mambo yameanza kulainika. Akaufungua kwenye kompyuta. Kulikuwa na vilima vya kijani, nyumba za mabati, barabara ya udongo mwekundu na kibao kilichoandikwa HOSIPITALI. Pesa zote zile za serikali, na hakuna aliyefikiria kumlipa mkalimani kwa neno moja. Mama Furaha hakuangalia kibao. Aliangalia vilima.

"Hii ni wapi?"

"Si mahali pa kweli, mama. Ni mchezo."

Risasi zikalia, mwenzake mmoja akaanguka kando ya nyumba ya mabati. Furaha akamkimbilia, akabonyeza kitufe, akakishikilia kwa sekunde kama nne. Mtu akasimama, akachukua bunduki, akaenda.

"Huyu ameamka namna gani?" mama akauliza.

"Nimemponya."

"Kwa hiyo kidole?"

"Ndiyo, mama."

Mama Furaha akakitazama kile kidole cha mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba watu aliowaona wakianguka, hakuna aliyeamka hivyo, na kwamba aliyetengeneza kitu hiki ni mwongo. Ndivyo alivyosema, mwongo, bila kupaza sauti, akarudi jikoni. Na mimi naongeza kwa sauti ya juu: ni waongo. Mtu mzima anayemtaka mtoto wa mwenzake jeshini na amwite kwa jina la jeshi, amweleze mzazi wake kuna kurudi na kuna kutorudi. Asimpe kitufe cha kufufua watu halafu amwulize kama angependa kutoa huduma. Na neno lile halikupotea kwenye Kiswahili peke yake. Kwa Kiingereza pia lilichaguliwa, na waliolichagua walijua kwa nini hawakuandika jeshi.

Jumanne yake tulikwenda sote watatu kwenye ofisi ya sajenti, kwenye jengo la maduka, katikati ya duka la simu na mahali pa kutengenezea kucha. Nilikuwa nimeuliza wakili mmoja wa kanisani kwetu, naye akanihakikishia kwamba mtoto ambaye hajaondoka kwenda mafunzoni anaweza kujitoa kwa barua, na mzazi anaweza kuondoa ridhaa yake. Sajenti alianza na "jambo" lake. Kisha akaanza kusema mkataba ni mkataba, na kwamba jambo kama hili linaweza kumharibia binti rekodi yake. Nikamwambia anionyeshe palipoandikwa hivyo. Hakuwa napo. Akanywa maji, akamgeukia Mama Furaha, akaniomba nitafsiri.

Nikavuta kiti nyuma yake kidogo, kama nilivyofundishwa.

"Mimi nilisaini huduma," Mama Furaha akasema. "Basoda sikusaini."

Nikaisema kwa Kiingereza, mimi nilisaini, mimi sikusaini. Sajenti akatabasamu kwa huruma kabisa, akamwambia lakini mama, hii ndiyo huduma, hakuna huduma kubwa kuliko hii. Akanitazama, akingoja.

Sikutafsiri. Miaka ishirini na sita ya kazi, na sijawahi kumfungia mtu yeyote mdomo wangu, hata baba mmoja aliyekuwa akimtukana mwalimu. Neno lile sikuweza kulitoa kinywani mwangu kumpelekea mwanamke yule mara ya pili. Kama ni kosa la kikazi, basi liandikeni.

Furaha ndiye aliyefungua mdomo. Kwa Kiswahili, cha nyumbani kwao, bila kumwangalia mama yake, akasema, "Anasema ni kazi ya basoda, mama. Ilikuwaka kazi ya basoda tangu mwanzo."

Mama Furaha akaitikia kwa kichwa. Akachukua kalamu yangu, akasaini barua ya kuondoa ridhaa, akaikandamiza vile vile. Sajenti akaipiga mhuri, na mpaka leo nina nakala. Tulipotoka nje Furaha alikuwa analia kwa hasira, akasema tumemfanya mtoto mbele ya watu. Mimi nilijipongeza njia nzima mpaka Stafford. Nilidhani tumeshinda.

Nilistaafu Juni. Julai Furaha akatimiza miaka kumi na minane. Mama yake alimpikia, wanakwaya wakaja, wakaimba. Kesho yake mtoto akapanda basi peke yake mpaka kwenye yale maduka, akasaini mwenyewe, na hawakuhitaji tena mama wala mkalimani. Hakutuficha. Alirudi akatuambia, mama yake kwanza, halafu mimi kwa simu, kwa adabu, akaniambia safari hii kila mtu ameelewa.

Sitawaambia kwamba alikosea. Ana miaka kumi na minane, ana akili kuliko wengi ninaowajua, na labda atakuwa nesi. Hasira yangu si kwake. Hasira yangu ni kwamba walimpata akiwa na miaka kumi na sita, kwenye maegesho ya shule, na piza mkononi, wakamwambia kila wiki kwamba ana kipaji, jambo ambalo sisi wengine hatukupata nafasi ya kumwambia; na walipohitaji mlango wa kuingilia nyumbani kwake, niliwafungulia mimi. Ninyi wakalimani wa Dallas, kama kurasa hizi zitawafikia, trela liko kwenu sasa. Fomu itawafikia Ijumaa mchana. Andikeni jeshi. Wakikataa, waipeleke kwa mtu mwingine, lakini isitoke na jina lenu.

Siku ya Furaha kuondoka, asubuhi saa moja, simu yangu ililia. Ilikuwa Mama Furaha. Wako kwenye hoteli moja wanakokusanywa vijana kabla ya basi, kuna kelele nyuma yake, watu wanaitwa majina. Aliongea kwa haraka na kwa kunong'ona.

"Mama Esther, nisaidie kitu kimoja. Rudi. Kwa Kiingereza wanasema namna gani?"

"Si umwambie kwa Kiswahili, mama? Anasikia."

"Ya Kiswahili anajifanya hasikii. Nipe ya Kiingereza."

Nikampa. Maneno mawili tu. Akayarudia taratibu, "kamu baki." Tena, "kamu baki." Nimesahihisha matamshi ya watu maisha yangu yote, darasani na ofisini. Hayo niliyaacha yalivyo.

"Sawa," akasema. Nikasikia mtu anaita jina la Furaha, na Mama Furaha akanong'ona tena, karibu kabisa na simu.

"Mama Esther, hii haiko na maana ingine?"

"Hapana, Mama Furaha," nikamwambia. "Hiyo ina maana moja tu."